NDOROBO HAJUI MPAKA WA KIJIJI

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa Chunya mbele ya mkutano wa wafugaji na wakulima. Tunaichapa kwa kirefu kwa kuwa wasomaji wetu wengi wametaka kujua habari za eropleni zilizomwaga ndorobo kule Unguja.)



Nimetakiwa niseme juu ya ndorobo, ambaye ndugu zetu wa pwani humwita mbung'o. Nilipouliza watu wangependa kusikia nini hasa, karibu wote walinijibu neno moja: "Tueleze habari za Unguja. Tumesikia kule eropleni zilimwaga ndorobo kutoka juu, na ndorobo wakaisha. Mbona huku kwetu hazijaletwa?"

Swali hili ni la haki. Mtu aliyezika maksai wake wa kulimia msimu wa mvua ukikaribia ana haki ya kuuliza kwa nini dawa iliyomponya ndugu yake haijamfikia yeye. Kwa hiyo nitalijibu bila kuficha kitu. Nitawaeleza kwanza jinsi jambo lenyewe lilivyo, kisha nitawaeleza kwa nini halijafika Chunya, na mwisho nitasema sisi tufanye nini. Wala sitawaambia kwamba eropleni ziko njiani. Anayewaambia hivyo anataka mpige makofi, hana haja na ng'ombe wenu.

ADUI TUNAYEMKABILI

Ndorobo mnamjua. Akitua huyalaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake hutokeza mbele kama sindano. Dume na jike wote hunywa damu, hawana chakula kingine. Katika kunywa huko huhamisha vijidudu vidogo sana viitwavyo tripanosoma kutoka mnyama hadi mnyama. Ng'ombe akishikwa hukonda, nywele humsimama, machozi humtoka, maziwa hukauka na mimba huharibika. Huo ndio ugonjwa wa nagana. Binadamu naye akiingiwa na vijidudu vya aina yake hupatwa na malale.

Wazee wetu hawakuwa wajinga mbele ya mdudu huyu. Walijua pori lipi lina ndorobo na wapi pa kupitisha ng'ombe, na walifyeka na kulima mpaka pori likawa mbali na mazizi. Lakini mnamo mwaka 1890 na iliyofuata iliingia sotoka, ikaua ng'ombe wengi mno katika nchi hii. Zikaja njaa, vikaja vita vya Wadachi, na vita vya Maji Maji tangu 1905 hadi 1907. Watu walikufa na wengine wakatawanyika. Mashamba yakawa vichaka, vichaka vikawa pori, na ndorobo akahamia humo. Natamani jambo hili tulikumbuke: ndorobo alisonga mbele pale watu walipodhoofika na kutengana.

Kisha wakaja wakoloni na maarifa yao. Walihamisha watu kwa nguvu kutoka maeneo ya malale. Walikata miti maili kwa maili, wakapiga wanyama wa porini risasi kwa maelfu ili ndorobo akose damu, na baadaye wakanyunyiza dawa za sumu. Baadhi ya njia hizo zilisaidia mahali fulani kwa muda fulani. Lakini mti ukikatwa huchipua, na sumu ikimwagwa huua hata nyuki wa Mungu. Ninyi watu wa miombo mnaoishi kwa asali mnajua hasara ya kuua nyuki.

NDOROBO HUZAA KAMA NG'OMBE

Sasa sikilizeni siri ya mdudu huyu, maana ndiyo iliyowafumbua macho wataalamu.

Nzi wa kawaida hutaga mayai mamia, lakini ndorobo hatagi yai hata moja. Jike hulea buu mmoja tumboni mwake, na kila baada ya siku tisa au kumi humzaa akiwa ameshakua. Buu hujichimbia katika udongo laini kivulini, hujifunga ndani ya ganda gumu jeusi, na baada ya kiasi cha mwezi mmoja hutoka akiwa ndorobo kamili. Kwa hiyo mdudu huyu huzaa mmoja mmoja, kama ng'ombe.

Na jike wa ndorobo kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Mbegu atakazopewa siku ile huzihifadhi mwilini, akazitumia kidogo kidogo mpaka kufa.

Basi fikirini kama wafugaji. Je, ikiwa dume aliyempanda siku ile mbegu zake ni mfu? Jike huyo atakaa akingojea mtoto asiyekuja. Hatatafuta dume mwingine. Uzazi wake umekwisha.

DUME ASIYE MAKSAI

Hapa nataka tuelewane sana. Ninyi mnamjua maksai. Maksai hana haja na jike. Kama tungewahasi ndorobo kwa namna ya maksai, kazi ingekuwa bure, maana majike wangepandwa na madume wazima wa porini. Dume tasa ninayemsema mimi ni mwingine. Ana nguvu, anaruka, anawania majike na kuwapanda, lakini mbegu anazotoa hazizai.

Dume wa namna hiyo hupatikana kwa kupitishwa katika miali. Mwaka 1927 mtaalamu mmoja wa Marekani, Bwana Hermann Muller, alionyesha kwamba miali ya eksirei huharibu mbegu za uzazi za nzi wadogo wa matunda. Baadaye Wamarekani wengine, Bwana Edward Knipling na mwenzake Bwana Raymond Bushland, wakatumia maarifa hayo kupigana na nzi ambaye mabuu wake hula nyama ya ng'ombe akiwa hai, kuanzia kwenye kidonda. Mwaka 1954 waliwaachilia nzi tasa katika kisiwa cha Curaçao, na nzi yule akafutika pale. Kutoka hapo kazi ikaenda Florida, ikafuata Marekani yote ya kusini, kisha Meksiko na nchi za chini yake. Na nzi huyo alipovuka bahari akaingia Libya, Afrika yetu, nzi tasa waliletwa kwa ndege kutoka Meksiko, na mwaka 1992 Libya ikatangazwa kuwa safi.

Wakulima nao walifaidika. Katika visiwa vya Okinawa, Japani, nzi anayeharibu matango na matikiti alimalizwa kwa njia hii mwaka 1993. Mbu pia anajaribiwa katika nchi kadhaa, ila yeye ni kazi ngumu zaidi kwa sababu huzaa upesi na kwa wingi.

HESABU YAKE

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukueni pori lenye majike elfu moja na madume elfu moja. Sisi tuachilie humo madume tasa elfu tisa. Kila jike anayetafuta mume atakuta madume kumi, na kati yao mmoja tu ndiye mzima. Basi majike watakaozaa watakuwa kama mia moja, na tuseme kila mmoja aacha jike mmoja na dume mmoja mahali pake. Kizazi cha pili kina majike mia moja na madume mia moja. Tuachilie tena madume tasa elfu tisa. Safari hii kila dume mzima mmoja amezungukwa na tasa tisini, na jike atakayezaa ni mmoja hivi. Mara ya tatu mchezo umekwisha.

Tazameni tofauti yake na sumu. Sumu hufanya kazi nzuri maadui wakiwa wengi, lakini wakibaki wachache waliojificha vichakani ni shida kuwafikia. Dume tasa hufanya kazi hafifu maadui wakiwa wengi, na kazi kubwa wakiwa wachache, kwa sababu yeye mwenyewe huwatafuta majike mahali walipojificha. Hakuna askari wala Bwana Mifugo anayeweza kumtafuta jike wa ndorobo porini kama dume wa ndorobo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii, na nitairudia baadaye: kwanza wapunguze, halafu ndipo uachilie tasa. Mtu akianza na tasa wakati pori limejaa ndorobo, atafilisika kabla ya kushinda.

SHINYANGA ILITANGULIA

Msidhani jambo hili lote limetoka ng'ambo. Kabla ya Curaçao, ardhi ya nchi hii ilikwisha kuona jaribio la aina hii. Mwaka 1944, kule Shinyanga, mtaalamu mmoja Mwingereza aitwaye Vanderplank aligundua kwamba aina mbili za ndorobo zikipandana hazipati uzao wa maana. Akachagua mahali pakavu, kama kilometa 26 za mraba, palipokuwa na aina moja tu. Akaleta maganda ya ndorobo wa aina ya pili na kuyamwaga pale kwa wingi. Wageni wakawazidi wenyeji, majike wenyeji wakapandwa na wageni, na wenyeji wakakaribia kwisha. Kisha wale wageni nao wakashindwa na ukame, kwa sababu hawakuzoea nchi kavu. Ndipo wananchi wakaingia, wakafyeka, wakakaa.

Eropleni haikuwapo, wala miali. Palikuwa na maarifa na jembe, na bila wananchi kuingia na kulikalia eneo lile ushindi usingedumu.

UNGUJA NA TANGA

Sasa tufike Unguja. Kisiwa kile ni kama kilometa 1,600 za mraba. Kilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, akaaye katika vichaka na msitu kama ule wa Jozani. Malale ya binadamu hayakuwapo, bali nagana ilikuwapo, na ng'ombe wa maziwa na wa kulimia walikuwa taabu kufugwa.

Kazi ilianza kwa kupunguza. Tangu mwaka 1988 Umoja wa Mataifa ulisaidia kuwapaka ng'ombe dawa mgongoni na kutundika vitambaa vyenye dawa vichakani. Mbung'o wakapungua sana, lakini hawakwisha. Wale wachache wa msituni ndio waliobaki, na ndio waliohitaji dume tasa.

Madume hao walifugwa Tanga, katika kituo chetu cha utafiti wa mbung'o na malale, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Vijana wetu walifuga majike zaidi ya milioni moja ndani ya nyumba, wakawalisha damu ya ng'ombe. Damu humwagwa juu ya sahani, hufunikwa kwa utando mwembamba, na ndorobo huutoboa utando ule kama atoboavyo ngozi. Kutenga madume na majike walitumia tabia ya mdudu mwenyewe: katika maganda, majike hutoka kwanza na madume hufuata baadaye. Madume wakapitishwa katika miali, wakalishwa damu yenye dawa ili wasije wakaeneza nagana, wakatiwa baridi wapate kutulia, wakafungwa katika maboksi ya karatasi na kupakiwa katika eropleni ndogo.

Mwezi wa Agosti 1994 eropleni zilianza kumwaga juu ya Unguja, na zikaendelea wiki baada ya wiki mpaka mwisho wa mwaka 1997. Madume waliomwagwa walikuwa kama milioni nane na nusu. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Waliendelea kumwaga zaidi ya mwaka mzima baada yake wasije wakajidanganya, na mwishoni mwa 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena.

Matunda yake? Mwaka 1985, wakulima wadogo wa Unguja waliokuwa na ng'ombe wa kienyeji walikuwa 31 katika kila mia. Mwaka 1999 walikuwa 94 katika kila mia. Wenye ng'ombe wa mbegu bora walipanda kutoka 2 hadi 24 katika kila mia. Ng'ombe hao ni maziwa ya watoto, ni samadi ya shamba, na ni maksai wa kuvuta gari.

Huo ndio Muungano wa mwaka 1964 ukifanya kazi, ndugu zangu. Tanga ilizalisha, Unguja ikapona.

UVUMI TUUZIKE LEO

Eropleni zinapomwaga wadudu, uvumi nao humwagika. Nimesikia mambo matatu, na kila moja nitalijibu.

La kwanza: "Wanatuongezea ndorobo." Ni kweli kwamba dume tasa naye huuma. Ndiyo maana Unguja walisubiri mpaka mbung'o wamekuwa wachache, na ndiyo maana madume walilishwa dawa kabla ya kutolewa. Tena dume tasa huishi siku chache, wala haachi mtoto.

La pili: "Watatufanya sisi nasi tuwe tasa." Hapana. Miali hupita katika mwili wa mdudu na kwenda zake, haibaki ndani yake. Mtu aliyepigwa picha ya kifua hospitali hageuki taa. Ndorobo aliyepitishwa katika miali hana miali ya kumpa mtu.

La tatu: "Ndorobo wakiisha, watu watavamia pori lote." Hilo si uvumi, ni jambo la kweli la kutafakari. Nchi ikiponywa bila mpango wa ardhi, wenye nguvu wataichukua na mkulima mdogo na mfugaji mdogo watabaki kando ya barabara. Kwa hiyo mpango wa ardhi lazima utangulie dawa.

KWA NINI SI CHUNYA LEO

Sasa nijibu swali lenu. Kwa nini si Chunya?

Unguja ni kisiwa. Kati yake na bara ni bahari pana ambayo mbung'o hawezi kuivuka. Ukishamaliza umemaliza. Chunya yetu haina bahari. Pori la Kipembawe limeungana na pori la Rungwa, na miombo yetu inaendelea magharibi na kaskazini siku nyingi za mwendo. Ukisafisha hapa na pale hukusafisha, jirani yako wa porini atakutembelea kabla ya mvua mbili kwisha.

Jambo hili tumeshaliona kwa macho yetu. Katika miaka ya 1970, kabla ya Unguja, madume tasa waliachiliwa katika ranchi ya Mkwaja, mkoani Tanga, katika eneo la kilometa 195 za mraba. Ndorobo yule wa Mkwaja ni wa aina ile ile iliyomo katika miombo. Walipungua sana. Lakini hapakuwa bahari, ila ukanda tu wa pori lililofyekwa. Ndorobo hawakwisha pale. Ranchi yenyewe ilifungwa mwaka 2000, na leo ardhi ile imo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Sababu ya pili ni ukubwa. Wilaya yetu ni kubwa kuliko Unguja mara kadhaa. Ikiwa kisiwa kidogo kilitaka madume milioni nane na nusu, pigeni wenyewe hesabu ya Chunya. Tena Unguja kulikuwa na aina moja. Kwenye aina mbili utahitaji nyumba mbili za kufugia, maana dume wa aina moja hafai kitu kwa jike wa aina nyingine, isipokuwa kwa hila kama ile ya Shinyanga.

Je, bara haiwezekani kabisa? Inawezekana pale ambapo ndorobo wamejitenga. Senegali, katika eneo la Niayes karibu na Dakar, si kisiwa, lakini wataalamu waligundua kwamba ndorobo wa pale wametengwa na wenzao kwa nchi kavu. Wakapunguza, kisha wakamwaga tasa waliofugwa Burkina Faso, na wamefanikiwa sana. Wao walianza kwa kuchunguza, na eropleni ilikuja baadaye sana.

Na hata aliyeshinda asilale. Yule nzi wa vidonda niliyemtaja alifukuzwa mpaka Panama, na tangu 2006 alizuiwa pale kwa kumwagiwa tasa bila kukoma. Mwaka 2023 alivunja ukuta huo, akapanda nchi baada ya nchi, na mwaka 2024 akaingia tena Meksiko. Miaka mingi ya jasho ilirudi nyuma kwa muda mfupi.

Viongozi wa Afrika walikutana Lomé mwaka 2000, wakakubaliana kwamba vita ya ndorobo iwe ya Afrika nzima. Waliona kwamba ndorobo hana pasipoti. Nami naongeza: hajui hata mpaka wa kijiji.

TUFANYE NINI SASA

Basi tusikae tukitazama juu kungoja eropleni. Kumbukeni kanuni ya kwanza: kwanza wapunguze. Kazi ya kupunguza haingoji mtu. Ni kazi ambayo hata eropleni zikija kesho zitatukuta tukiifanya, na zisipokuja itatuokoa ng'ombe wetu.

Kwanza, dawa ya ng'ombe. Ng'ombe aliyeogeshwa joshoni au kumwagiwa mgongoni dawa inayoua ndorobo ni mtego unaotembea. Ndorobo anayemtua hafiki mbali. Lakini sharti tufanye wote, na kwa wakati mmoja. Nyumba tisa zikiogesha na ya kumi isipoogesha, ndorobo wana mgahawa. Nawaomba kila kijiji kiwe na siku yake ya kuogesha, na majirani wawe na siku ile ile.

Pili, vitambaa. Kitambaa cha buluu na cheusi chenye dawa, kikitundikwa pembeni mwa pori, humvuta ndorobo, naye hugusa akafa. Mkojo wa ng'ombe ukiwekwa karibu, ndorobo wa miomboni huja zaidi. Ni kazi rahisi na ya bei ndogo. Adui yake ni sisi. Kitambaa kinatundikwa Jumatatu, Ijumaa kimekuwa shati. Ndugu zangu, shati lile lina sumu, na aliyelivaa amevaa ng'ombe wa jirani yake.

Tatu, sindano. Berenil na Samorin ni dawa nzuri zikitumiwa kwa kipimo. Lakini tuna tabia ya kugawanya dozi ya ng'ombe mmoja kwa ng'ombe wawili. Vijidudu vinavyopigwa nusu nusu hujifunza kuizoea dawa. Leo umeokoa fedha ya dozi moja, mwakani dozi kumi hazitakusaidia. Mwiteni mtaalamu wa mifugo, na mpimeni ng'ombe uzito.

Nne, malale. Vijana mnaoingia porini kwa ajili ya asali, mbao au dhahabu, sikieni. Homa isiyosikia dawa ya malaria, kichwa kuuma, kidonda kilichovimba palipoumwa, usingizi wa mchana na kukesha usiku: nenda hospitali ueleze kwamba umetoka pori la ndorobo, damu yako ipimwe. Malale ya upande huu wa Afrika huua katika muda wa miezi tu. Usikae nyumbani ukisema umerogwa.

Tano, tuache kugombana. Mkulima anasema, "Wafugaji wa Kisukuma na Kimasai wametuletea ndorobo." Mfugaji anasema, "Wakulima wa tumbaku wamemaliza malisho, wametusukumia porini." Ndorobo anawasikiliza wote wawili anacheka. Ukweli ni kwamba ndorobo anaishi porini tangu zamani, na ng'ombe mgonjwa anaweza kumpa vijidudu vya kueneza. Lakini ng'ombe wa mfugaji akiogeshwa vizuri humlinda hata maksai wa mkulima wa Lupatingatinga. Na shamba la mkulima lililopangwa vizuri hulitenga pori na zizi la mfugaji. Kila mmoja ana silaha anayohitaji mwenzake.

TUNACHODAI

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Wananchi wana wajibu, nao wana haki ya kudai. Tusidai eropleni. Tudai kitu cha kwanza ambacho bila hicho eropleni haina maana: tujue ndorobo wetu. Mitego itegwe wilaya nzima, kutoka Makongolosi mpaka mpakani Rungwa, na ndorobo wahesabiwe. Tujue ni aina gani, wako wapi, wangapi, na kama wapo waliojitenga mahali kama wale wa Niayes. Tanga wana wataalamu wa kazi hiyo, na vijana wetu waliosoma wanaweza kufundishwa kutega na kuhesabu. Ramani hiyo ikipatikana tutajua kwa hakika kama kuna bonde hata moja la Chunya ambamo dume tasa anaweza kushinda. Kama lipo, tutakwenda na hesabu mkononi. Kama halipo, tutajua pia, na hakuna atakayetudanganya tena kila msimu wa kampeni.

Tulipopata Uhuru tuliambiwa kwamba maadui wetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Ndorobo amekusanya wote watatu katika mwili mdogo kuliko punje ya haragwe. Analeta maradhi kwa ng'ombe na kwa mtu, analeta umaskini kwa mwenye zizi, na anastawi kwa ujinga wetu wa kupigana naye kila mtu peke yake.

Dume tasa mmoja akiachiliwa peke yake porini hafanyi kitu. Anakufa na hakuna aliyejua kwamba alikuwapo. Nguvu yake ni kuachiliwa yeye na wenzake maelfu, siku moja, mahali pote, bila kuacha pengo. Na sisi ni hivyo hivyo. Mfugaji mmoja anayeogesha ng'ombe peke yake ametupa fedha. Chunya nzima ikiogesha siku moja, ndorobo atajua kwamba nchi hii ina wenyewe.

Siku ya kuogesha ipangwe hapa hapa leo, kabla hatujatawanyika.

Uhuru na Kazi!